Neno la Mhudumu, Sikio la Mgonjwa: Kujifunza Lugha ya Tiba Quitunda

Lugha ya tiba ni mkusanyo wa istilahi, yaani maneno yaliyopewa maana maalumu na wataalamu, pamoja na namna za kusema ambazo kwazo mgonjwa hueleza maumivu, mhudumu wa afya huyapa jina, na wote wawili hukubaliana la kufanya. Mahali ambapo daktari na mgonjwa wamelelewa kwa lugha moja, mkusanyo huo huonekana kuwa jambo la wanafunzi wa udaktari peke yao, kwa kuwa umbali kati ya "presha" na "shinikizo la damu" humalizwa kwa sentensi moja ya maelezo. Quitunda, kijiji cha wilaya ya Palma katika pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ni mahali ambapo umbali huo ni mkubwa zaidi, maana daftari la mgonjwa huandikwa kwa Kireno ilhali maumivu husimuliwa kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, na mara nyingi baina ya anayeandika na anayesimulia huwekwa mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Makala haya yanamhusu mtu huyo wa tatu, yaani mkalimani: anachopaswa kujifunza, kwa nini elimu yake ni taaluma kamili, na kwa nini anastahili kulipwa kama wanataaluma wengine wa afya.

Kijiji chenyewe ni kipya. Kilijengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka rasi ya Afungi, ambako eneo la karibu hekta 7,000 lilitengwa kwa mradi wa gesi asilia uliokuwa ukiongozwa na kampuni ya Anadarko ya Marekani na baadaye TotalEnergies ya Ufaransa, na wakazi wa kwanza waliingia katika nyumba zake mwaka 2019. Watu waliozoea kuishi hatua chache kutoka majini, miongoni mwao wavuvi wa Milamba, walijikuta mbali na ufuo, wamepangwa katika safu za nyumba za matofali zinazofanana. Kisha tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa na watu wenye silaha, na maelfu ya wakazi wake walikimbilia Quitunda, hivyo kijiji kilichojengwa kwa ajili ya waliohamishwa kikageuka hifadhi ya waliokimbia, na lugha zilizokuwa zimetawanyika katika wilaya nzima zikakutana kwenye foleni moja ya kusubiri dawa.

Kukutana huko kuna historia ndefu. Ghuba ya Palma, ambayo wazee wa pwani waliijua kwa jina la Tungi, ilikuwa chini ya madai ya Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1887, na mpaka uliochorwa kando ya Mto Ruvuma haukukata biashara, ndoa wala maneno yaliyokuwa yakivuka kwenda na kurudi kati ya pande hizo na Mtwara. Kimwani, lugha ya watu wa Ibo, Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimba, kina maneno mengi yanayofanana na ya Kiswahili kiasi kwamba wataalamu wa isimu wamejadiliana kwa muda mrefu kuhusu ukaribu wa lugha hizo mbili. Hata hivyo Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004, katika ibara ya 10, inakitaja Kireno kuwa lugha rasmi, na sensa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba Kireno ni lugha ya kwanza ya takriban asilimia 17 tu ya wananchi, wengi wao wakiwa mijini. Mhudumu wa afya aliyesomea Maputo, Beira au Nampula anapopangiwa kazi Palma, huenda akawa ameimudu vema sayansi yake na bado asiweze kumuuliza bibi kizee choo chake kikoje. Inafaa kukumbuka kwamba askari wa Rwanda waliofika mkoani humo mwezi Julai 2021 waliweza kuzungumza na wenyeji kwa Kiswahili, jambo ambalo watumishi wengi wa serikali kutoka kusini mwa Msumbiji yenyewe hawakuliweza.

Anayejifunza lugha ya tiba katika mazingira hayo huanza na Kireno cha hospitali, na hapo hugundua kwamba sehemu kubwa ya Kireno hicho ni Kigiriki na Kilatini vilivyovaa nguo nyingine. Istilahi nyingi hujengwa kwa vipande: kipande cha mwanzo huonyesha hali, cha kati hutaja kiungo, na cha mwisho hueleza kilichotokea. Kipande "hepat" ni ini, "gastr" ni tumbo la chakula, "cardi" ni moyo, na mwisho "ite" huonyesha uvimbe wenye joto na maumivu, kwa hiyo aliyejifunza vipande hivyo anapokutana na "hepatite" au "gastrite" kwa mara ya kwanza huifungua istilahi kama mtu afunguaye samaki, akiona mfupa ulipo. Vilevile "emia" hutaja damu, "an" hutaja ukosefu, na "hiper" hutaja kuzidi, ndiyo maana "anemia" huwa upungufu wa damu na "hipertensão" huwa shinikizo lililozidi. Elimu hii ya vipande ina faida kubwa kuliko kukariri orodha, kwa sababu orodha huisha, lakini vipande humpa mwanafunzi uwezo wa kukisia kwa akili neno asilowahi kulisikia, kisha kuuliza kama amekisia sawasawa.

Ndani ya istilahi hizo mna historia za watu waliotazama mwili wakatafuta mfano wa kitu walichokijua. "Cancro", neno la Kireno cha Msumbiji kwa ugonjwa wa uvimbe unaosambaa, linatokana na neno la Kilatini la kaa, mnyama wa ufuoni mwenye magando, na neno la Kiswahili "saratani" limetoka kwenye Kiarabu ambako nalo maana yake ya kwanza ni kaa yuleyule. Kwa jamii ambayo akina mama wake wameokota kaa na chaza kwenye maji kupwa tangu enzi, mfano huo hauhitaji kuletwa kutoka mbali. Uko tayari, na mkalimani mwenye ujuzi anaweza kuutumia kueleza jinsi ugonjwa unavyong'ang'ania na kunyoosha miguu pembeni. "Vacina" nayo inatokana na neno la Kilatini la ng'ombe, kwa kuwa Edward Jenner mwaka 1796 alitumia usaha wa ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto dhidi ya ndui ya binadamu, ilhali Kiswahili kilichagua "chanjo" kutoka kitenzi kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo, kitendo ambacho waganga wa pwani walikuwa wakikifanya wanapopaka dawa kwenye chale. Mzazi anaposikia "chanjo", anasikia jambo lenye mizizi katika desturi za kwao. Anaposikia "vacina" bila maelezo, anasikia sauti ya ofisi.

Hakuna mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili kuliko ule wa kipindupindu, ugonjwa ambao pwani hii imeufahamu kwa muda mrefu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha kitabu kizima kuhusu milipuko yake katika Afrika Mashariki mwaka 1876. Kwa Kireno ugonjwa huo huitwa "cólera", neno ambalo pia lina maana ya ghadhabu, kwa kuwa Wagiriki waliokuwa chanzo chake walihusisha nyongo na hasira, kama Waswahili wanavyosema kwamba uhusiano umetumbukia nyongo. Dawa ya kusafisha maji, ambayo hutiwa kwenye visima na matangi ili kuua vimelea vya ugonjwa huohuo, huitwa "cloro". Lugha za Kibantu hupendelea silabi inayoishia kwa vokali, hivyo konsonanti mbili zinazofuatana mwanzoni mwa "cloro" hutenganishwa kwa vokali katika matamshi ya watu wengi, na neno linalotoka kinywani hukaribiana mno na "kolera". Sasa na afikiriwe mwanakijiji anayeona watu wa serikali au wa shirika wakifika na gari, wakimimina unga mweupe kisimani, wakisema neno ambalo masikioni mwake ni jina la ugonjwa, kisha siku chache baadaye watu wanaanza kuharisha, si kwa sababu ya unga ule, bali kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kabla ya unga kuletwa. Hitimisho analolifikia si la mjinga. Ni la mtu aliyeunganisha alichokisikia na alichokiona.

Mwanasosholojia wa Msumbiji Carlos Serra aliutazama mkasa huo katika kitabu chake cha mwaka 2003 kiitwacho "Cólera e Catarse", akichunguza imani iliyoenea kaskazini mwa nchi kwamba ugonjwa ulikuwa ukipandwa kwa makusudi, na akaonyesha kwamba nyuma ya mkanganyiko wa maneno kulikuwa na kutoaminiana kati ya watu wa vijijini na dola ambayo waliiona mara chache, na kila walipoiona ilikuja kuagiza. Ni kweli kwamba matamshi peke yake hayawezi kumfanya mtu amshambulie mhudumu wa afya, na yeyote anayedai kwamba faharasa nzuri ingetosha kuleta amani angekuwa anajidanganya; lakini matamshi yaliipa hofu jina, na hofu yenye jina husafiri haraka. Wahudumu na watu wa kujitolea wameshambuliwa katika mikoa ya kaskazini kwa miaka mingi kwa sababu ya dhana hiyo. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichojaa kupita kiasi kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, mkoani Nampula, na zaidi ya watu 90 wakafa, wengi wao watoto. Mamlaka za mkoa zilieleza kwamba abiria walikuwa wakikimbia kwao kwa sababu ya habari za uongo kuhusu kipindupindu.

Je, mkalimani wa Quitunda afanye nini na neno "cloro"? Jibu la haraka ni kusema "dawa ya maji", na kwa hakika ni jibu bora kuliko kulirudia neno la Kireno, lakini nalo lina mtego wake, kwa sababu "dawa" katika Kiswahili na lugha jirani zake ni neno pana linalobeba tiba, kemikali, sumu ya panya na hata uchawi, na mtu akisema kisima kimetiwa dawa, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba kimerogwa. Njia iliyo salama zaidi ni kukitaja kitendo kizima pamoja na kusudi lake, kwa mfano kwamba maji yanatiwa dawa ya kuua vijidudu vinavyoleta kipindupindu, kisha mtu anayesema hivyo ayanywe maji hayo mbele ya watu. Kwa kuwa nchini Msumbiji dawa hiyo huuzwa pia katika chupa yenye jina la Certeza, neno la Kireno lenye maana ya "uhakika", mkalimani anaweza kuanzia kwenye chupa ambayo watu wameiona dukani, akaionyesha, na kuliacha kabisa lile neno linalofanana na jina la ugonjwa. Hapa ndipo mtu anapoona kwamba kufasiri istilahi ni kuamua, na kwamba uamuzi huo unahitaji mtu anayejua kemia kidogo, fonolojia kidogo, na majirani zake sana.

Kwa bahati njema, kaskazini mwa Ruvuma kuna hazina ambayo mwanafunzi wa Quitunda anaweza kuichota bila kulipa. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, zimeunda na kusanifisha istilahi kwa miongo mingi, na taasisi hiyo ilichapisha "Kamusi ya Tiba" inayokusanya majina ya magonjwa, viungo na matibabu. Njia zilizotumika ni kadhaa na kila moja ina funzo lake. Kutohoa ni kulichukua neno la kigeni na kulipa umbo la Kiswahili, kama "virusi" na "homoni". Kuambatanisha ni kuunganisha maneno ya nyumbani, kama "kifua kikuu" na "uti wa mgongo". Akronimu ni neno linaloundwa kwa kukata vipande vya maneno kadhaa: "UKIMWI" ulizaliwa kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini, na "UVIKO-19" kutokana na Ugonjwa wa Virusi vya Korona wa mwaka 2019. Kabla ya UKIMWI kupata jina hilo, watu wa Kagera miaka ya 1980 waliuita "Juliana", jina lililotokana na aina ya nguo iliyokuwa ikiletwa kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, na jina hilo la mtaani lilieleza jinsi watu walivyodhani ugonjwa ulivyoingia, wakati jina rasmi lilieleza unachofanya mwilini. Majina yote mawili yanafaa kusomwa kwa pamoja, na yeyote anayetaka kuelewa jinsi jamii inavyoupokea ugonjwa mpya.

Lakini hazina hiyo haiwezi kubebwa mzimamzima. Funzo la jambo hili lilipatikana mashariki mwa Kongo wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambao ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Shirika la Translators without Borders lilipochunguza namna watu wa eneo hilo walivyozielewa taarifa za afya, lilibaini kwamba maandishi ya Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki pamoja na istilahi za Kifaransa yaliwapita wengi kando, ilhali Kiswahili cha Kongo kama kinavyosemwa na Kinande viliwafikia. Watu walitaka maelezo marefu kwa maneno mepesi. Walichopewa mara nyingi kilikuwa maelezo mafupi kwa maneno mazito. Yaliyotokea katika miji ya eneo hilo yanaweza kutokea Palma pia, kwa sababu msikilizaji wa Quitunda anaweza kukifahamu Kiswahili cha redio ya Tanzania na bado asilijue neno "barakoa" au "maambukizi", na kwa mzungumzaji wa Kimwani ufanano wa lugha unaweza kuwa hatari kuliko tofauti, maana neno linalofanana humfanya aliyesema aamini kwamba ameeleweka.

Zaidi ya hapo, lugha ya wagonjwa ina mpangilio wake wa magonjwa ambao haulingani na wa vitabu. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watu walitenganisha "homa ya malaria", waliyoiona kuwa ugonjwa wa kawaida wa kutibiwa kwa vidonge, na "degedege", yaani mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, waliloliona kuwa la mganga na kwamba sindano ingelizidisha. Kwa daktari yote mawili huweza kuwa malaria, ya kwanza nyepesi na ya pili kali inayoua. Kwa mama ni magonjwa mawili yenye milango miwili tofauti. Kampeni inayotangaza kwa sauti kubwa kwamba malaria inatibika haimgusi mama huyo, kwa sababu mtoto wake, kwa ufahamu wake, hana malaria.

Neno "mshipa" linastahili somo zima. Kwa msemaji wa Kiswahili mshipa unaweza kuwa njia ya damu inayotoka moyoni au inayorudi, unaweza kuwa neva, unaweza kuwa kano inayounganisha msuli na mfupa, na mwanamume anayesema kwa sauti ya chini kwamba anaumwa mshipa huenda anamaanisha ngiri au busha, uvimbe wa korodani ambao katika pwani hii mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mkalimani anayetafsiri "mshipa" kwa neno la Kireno "veia" amechagua maana moja kati ya tano bila kuuliza, na daktari ataanza kuchunguza miguu ya mtu ambaye tatizo lake liko kwingine. "Tumbo" nalo ni hivyohivyo, kwa maana linataja chakula, uzazi, hedhi na kuharisha, na "kifua" hutaja sehemu ya mwili, kikohozi na ugonjwa wa TB ambao familia haitaki kuutamka. Adabu ya pwani huficha viungo vya siri kwa tafsida, yaani maneno ya heshima yanayozunguka jambo lenyewe: mwanamke "yuko mwezini", mzee "hana nguvu", kijana "ameungua". Anayejifunza lugha ya tiba hujifunza tafsida hizo kwa bidii ileile anayotumia kujifunza Kigiriki cha vitabuni, na hujifunza pia ni nani anayeruhusiwa na desturi kumwuliza nani, kwa kuwa mjukuu wa kiume akiwekwa kumkalimania bibi yake kuhusu damu ya ukeni, bibi atasema anaumwa kichwa.

Sehemu ambayo makosa yake hayasikiki, na kwa hiyo ni ya kuogopwa zaidi, ni ya saa na vipimo. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa alfajiri, ilhali ya Kireno huanza usiku wa manane, hivyo "às duas horas", saa mbili za Kireno, ni saa nane za Kiswahili, na mgonjwa anayeambiwa arudi kliniki au anywe kidonge "saa mbili" atafika au atakunywa saa sita kabla ya wakati. Maelekezo ya kunywa dawa kila baada ya saa nane yakigeuzwa kuwa "saa nane" huwa dozi moja ya mchana badala ya tatu. Ugumu mwingine umo katika maneno "em jejum", ambayo Kireno cha hospitali huyatumia kumaanisha kabla ya kula chochote, lakini neno hilohilo "jejum" ndilo linalotumika kwa saumu. Katika jamii yenye Waislamu wengi kama ya pwani ya Palma, mkalimani asiye makini akisema kwamba dawa inywewe "ukiwa umefunga", atakuwa amempa mgonjwa amri inayojipinga yenyewe, kwa kuwa anayefunga akinywa dawa mchana amefungua. Na mwezi wa Ramadhani ukiingia mgonjwa wa kisukari au wa presha anaweza kuacha dawa kimyakimya bila kumwambia yeyote. Sentensi "kabla hujala kitu asubuhi", ikifuatwa na swali kama mgonjwa anafunga, ili mhudumu apange dozi kati ya futari na daku pale inapowezekana, ni kazi ya dakika moja kwa aliyefundishwa.

Ulimwengu umelipa gharama kubwa kujifunza kwamba kazi hii haifai kuachiwa yeyote aliye karibu. Mwaka 1980 katika jimbo la Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hana fahamu, na jamaa zake waliozungumza Kihispania cha Kuba walitumia neno "intoxicado", wakimaanisha kwamba alikuwa amedhurika kwa kitu alichokula. Waliowasikiliza walielewa kwamba alikuwa amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo kwa siku mbili, kumbe alikuwa akivuja damu ubongoni. Alibaki amepooza mikono na miguu, na shauri lililofuata lilimalizika kwa fidia ya takriban dola milioni 71 kwa makadirio ya maisha yake yote. Kireno kina neno hilohilo lenye maana ya kudhurika kwa sumu ya chakula au ya kitu kingine, na mashirika yanayotumia Kiingereza katika mikutano yao ya Cabo Delgado yapo. Kwa hiyo mtego wa Florida unaweza kutegwa hapa pia, sawa na ule wa "constipação", neno ambalo kwa Kireno cha kawaida cha Msumbiji ni mafua, lakini mzungumzaji wa Kiingereza hulisikia kama kufunga choo.

Kutokana na mikasa ya namna hiyo Marekani ilijenga taaluma ya ukalimani wa afya yenye kanuni za maadili zilizochapishwa kitaifa mwaka 2004 na vyeti vinavyotolewa baada ya mafunzo yasiyopungua saa 40 na mtihani, na baadhi ya Wakongo, Watanzania na Wakenya wanaoishi huko hujipatia riziki kwa Kiswahili chao katika hospitali. Misingi ya kazi hiyo si migeni kwa mtu aliyelelewa vema: kusema yote yaliyosemwa bila kupunguza wala kuongeza, hata matusi, kutunza siri, kutoegemea upande, na kusimamisha mazungumzo kwa uwazi pale neno lisipoeleweka, badala ya kubahatisha. Mkalimani aliyefunzwa husema kwa nafsi ya kwanza, akitamka "naumwa" pale mgonjwa anaposema anaumwa, ili daktari amtazame mgonjwa na kuzungumza naye, wala si kuzungumza na mkalimani kuhusu mgonjwa kana kwamba hayupo chumbani. Kutunza siri kunahitaji mkazo wa pekee katika kijiji cha nyumba zilizobanana kama Quitunda, ambako aliyekalimani majibu ya kipimo cha VVU asubuhi hukutana na mgonjwa yuleyule kisimani jioni.

Msumbiji haikosi mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 1978 nchi hiyo imekuwa na wahudumu wa afya wa jamii waliojulikana kama "agentes polivalentes elementares", ambao huchaguliwa na jamii zao, hupewa mafunzo ya miezi michache, na kufanya kazi katika lugha za nyumbani kwao. Mpango huo ulihuishwa mwaka 2010. Watu hao, pamoja na wahamasishaji ambao kila mtu huwaita "activistas", ndio wakalimani wa kweli wa mfumo wa afya, ingawa hakuna mstari wa mshahara unaosema hivyo, na hilo ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa uamuzi wa kiutawala bila kungoja hospitali mpya. Chuo Kikuu cha Lúrio kilichoanzishwa mwaka 2006, ambacho kitivo chake cha sayansi za afya kiko Nampula, kimekuwa na utaratibu wa kila mwanafunzi kupewa familia moja ya kuifuatilia, na utaratibu huo unamlazimisha daktari mtarajiwa kukaa mkekani na kusikiliza. Kuongeza humo saa za Kimakua na Kimwani cha tiba kungekuwa hatua fupi. Chuo Kikuu cha Pedagogia cha Maputo kimeshiriki katika programu ya Kiafrika ya uzamili wa ukalimani na tafsiri, yenye mkazo kwenye mikutano na mashirika ya kimataifa, na ujuzi wa walimu wake unaweza kushushwa hadi kwenye kozi fupi za wilayani. Redio ya taifa hutangaza mkoani humo kwa Kimakua, Kimakonde na Kimwani, kwa hiyo watangazaji wake wamekwisha kuyapima masikioni mwa wasikilizaji maneno ambayo waandishi wa vipeperushi bado wanayakisia. Na kwa kuwa nchi za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, Msumbiji ikiwemo, zilikubali mwezi Agosti 2019 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, kituo cha Palma hakina sababu ya kuogopa kutumia kipeperushi kilichochapishwa Mtwara, mradi kimesomwa kwanza mbele ya wakazi wachache na kusahihishwa kwa maneno yao.

Upande mmoja wa lugha hii, ule wa maumivu ya akili, bado haujapata maneno yaliyotulia. Baada ya uvamizi wa Palma wa mwaka 2021, waliofika vituoni wakilalamikia usingizi, mapigo ya moyo na kichwa kizito wamekutana na wahudumu wenye istilahi za Kireno kama "trauma", "ansiedade" na "depressão". Kiswahili cha Tanzania kinatoa "kiwewe", "wasiwasi" na "sonona", na la mwisho halijulikani hata kwa Watanzania wengi. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha mwaka 2006 huduma ya mabibi wanaosikiliza watu kwenye mabenchi, neno lililotumika lilikuwa la Kishona, "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, kwa sababu ndilo ambalo watu walilisema wenyewe walipoulizwa hali zao. Pwani ya Kiswahili ina semi za namna hiyo tele: mtu ana mawazo, moyo wake mzito, roho haimkai. Kazi ya mwanafunzi wa lugha ya tiba Quitunda ni kukaa na akina mama waliokimbia Palma, kuwauliza usiku hupita vipi, na kuandika majibu yao kwa maneno yaleyale waliyoyatumia, kabla ya mtu yeyote kuwaletea istilahi iliyokwisha chapishwa.